Koti Lililokunjwa Mikono

Kila nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kufagia nyuzi chini ya cherehani ya mama na kupanga vifungo kwenye makopo. Mama alikuwa fundi mwenye kibali cha kushonea kambi ya jeshi la anga. Kibali chenyewe kilitundikwa ukutani, na ndicho kilichotulisha. Alikuwa na sheria moja: sare ya jeshi haivaliwi na raia, hata kwa utani, hata dakika moja.

Jumatano ile alikwenda kununua zipu. Nyuma ya mlango kulikuwa na koti la rubani, la kijani, zito, lenye jina kifuani na nembo ya kikosi begani. Mimi nina urefu wa kupitiliza. Darasani wananiita Twiga. Basi nikalivaa. Lo! Lilinikaa utadhani nilipimwa mimi. Mikono tu ndiyo ilinizidi, nikaikunja mpaka kwenye viwiko.

Rafiki yangu wa nyumba ya pili akachungulia dirishani. "Haya, rubani, fika basi mpaka dukani tukuone!"

Kichwa kikanivimba. Nikatoka, viganja mifukoni, zipu mbovu wazi, naringa kweli kweli.

Sijafika dukani, nikasikia gari likifunga breki nyuma yangu. "Wewe mwenye koti! Simama hapo!"

Sikugeuka. Mguu niponye! Nilichomoka uchochoroni, nikaruka mfereji, moyo ukinidunda mpaka masikioni. Nyumbani niliikunjua mikono ya koti, nikalirudisha mahali pake. Rafiki yangu alikuwa keshatoweka.

Mama aliporudi alinitazama. "Mbona unahema hivyo?"

"Nilikuwa nafagia."

"Fagio gani hilo la kumtoa mtu jasho?" Akacheka, akachukua koti, akaketi kwenye cherehani. Mimi sikuweza kucheka. Niliogopa kila gari lililopita.

Hakuwa amemaliza hata nusu ya zipu tuliposikia hodi. Akaingia sajenti mmoja, kofia mkononi.

"Mama, kuna mtu ameonekana mtaani na koti la marubani. Alikuwa amekunja mikono ya koti na kutia viganja mifukoni. Rubani wetu hafanyi hivyo hata jua liwake vipi, nikajua huyu si mwenzetu. Nilipomsimamisha akanikimbia. Makoti yako yote yapo?"

"Ninalo moja tu, hili hapa, na halijatoka humu ndani," mama akasema. "Kama nasema uongo, chukua kibali changu."

Sajenti akalinyanyua koti, akapitisha kidole kwenye mikono yake. Mikunjo ilikuwa bado mipya.

"Na hii je, mama?"

Mama akaishika mikunjo ile kwa vidole. Sajenti akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuelekea ukutani, kwenye kibali. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni mimi!" Sauti ilinitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Mama hajui kitu. Nililivaa mimi, na mimi ndiye niliyekimbia."

Sajenti akanitazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili. "Mtoto! Unajua nimeshapiga simu kwenye lango la kambi? Walinzi wote wenye silaha wanamtafuta mtu mrefu mwenye koti la kijani. Ungekimbilia upande wa kambi, leo ningemwambia nini mama yako?"

Nikaketi chini palepale. Yeye akatoa simu na kuwaambia walinzi watulie. Kisha akamgeukia mama. "Kibali kitabaki, kwa kuwa amesema mwenyewe. Lakini kesho asubuhi mtakuja wote wawili, amweleze kamanda kwa mdomo wake."

Alipoondoka, nilingoja kipigo. Mama hakuninyanyulia hata mkono. Macho yalimjaa machozi.

"Mwanangu," akasema, "koti hili linafungua lango la ndege. Watu wanamwamini anayelivaa, na imani hiyo mwenye koti ameitolea jasho miaka mingi. Wewe uliiokota nyuma ya mlango. Lakini hilo silo lililoniumiza zaidi. Nimeapa mbele ya mgeni kwa ajili ya nyumba yangu, kumbe nasema uongo wako. Siku nyingine ukikosea, nataka nikusikie wewe kabla sijasikia hodi."