Binti Yangu Aliniandika Kati ya Wafu

"Kwa hiyo nilikufa na nini?" nilimuuliza binti yangu.

"Mama, punguza sauti."

"Maiti haina sauti, Sorina. Nijibu. Nilikufa na nini?"

Akatazama mlango wa kanisa. Akatazama viatu vyake.

"Moyo," akasema.

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Mwaka juzi... Ndio mwaka niliomnunulia viatu hivyo.

Jamani, ngoja niwaeleze vizuri, maana hata mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaelewa.

Naitwa Garofita. Ni Mroma, si wa jiji la Roma, bali wa kabila la Waroma hapa Romania, wale ambao majirani zetu wakikasirika wanatuita majina ambayo sitayaandika hapa. Nina diploma ya maabara, kazi yangu ni kutoa watu damu hospitali ya mkoa. Mroma, Mromania, wote damu nyekundu na wote wanaogopa sindano.

Wazee wetu walikuwa watumwa hapa hapa Romania, karne kwa karne. Mali ya mabwana wenye mashamba, mali ya monasteri. Shuleni sikufundishwa. Nyumbani haikusemwa. Mume wangu alipofariki, nikawa kila likizo naenda kwenye jengo la nyaraka za kale kutafuta watu wetu.

Nikawapata. Wameandikwa katikati ya ng'ombe na mizinga ya nyuki. Safta, mpishi, na wanawe.

Na monasteri iliyowamiliki ilikuwa na mashamba wapi? Kijiji cha akina Tiberiu, mchumba wa Sorina.

Nikaona ni heri. Nikasema Jumamosi ya Wafu, siku ya kuwaombea marehemu, nitakwenda kanisa la kijiji kile, nimpe padri majina yao ayasome kwa sauti. Kwetu kila familia inampa padri karatasi: upande mmoja walio hai, upande wa pili waliokufa. Anasoma jina la ubatizo tu, bila ukoo. Hapo hata mtumwa, asiye na ukoo, anatosha.

Nikampigia Sorina.

"Usije, mama. Nipo kazini siku hiyo. Na huyo padri anaumwa."

Nikaenda. Padri mzima kama fahali. Na kule mbele, pembeni ya mama mkwe wake mtarajiwa, nikamwona binti yangu mwenye kazi nyingi akichomeka mshumaa kwenye sinia la mchanga la wafu, si lile la walio hai.

Nikasimama nyuma. Padri akachukua karatasi ya Sorina, akasoma upande wa waliokufa.

"Ilie." Baba yangu.

"Costica." Mume wangu.

"Garofita."

Wenzangu... mmewahi kuombewa pumziko la milele huku mna njaa?

Sorina alipogeuka akaniona. Nikamshika mkono, nikamtoa nje mpaka nyuma ya mnara wa kengele. Hapo ndipo mliponikuta.

"Na ngano ya msiba, ile tamu ya kugawia watu, umenipikia," nikamwambia. "Nimeidokoa pale mezani. Sukari imezidi. Ukinizika tena, punguza."

"Mama, tafadhali. Ungekuja na hizo sketi zako ndefu za maua na hivyo unavyoongea, wangejua palepale."

"Wangejua nini?"

"Unajua nini. Baba yake Tiberiu akikutana na watu wetu sokoni, anashika mfuko wake."

"Na Tiberiu?"

"Tiberiu anajua mama yangu amekufa."

Mkono uliniwasha. Sikumpiga. Ningempiga mapema, labda asingesema lililofuata.

"Si wewe uliyenisimulia habari za Safta? Ulilia kwenye simu. Ukasema huyo ndiye mama. Alimkana mtoto wake ili apone. Wewe unashindwa nini?"

Ni kweli nilimsimulia. Kuna jalada la kesi. Binti wa Safta, Ilinca, alitorokea mjini, akajitambulisha kama yatima, mtu huru, akapata kazi. Monasteri ikamfuata. Wakamleta Safta mbele ya hakimu amtambue mwanawe. Mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa, kwa hiyo "ndiyo" moja ya mama ingemrudisha utumwani.

Karani ameliandika jibu lake: *Huyu simjui. Wangu alikufa kwa homa.*

Ilinca akaachiwa. Safta akarudishwa jikoni kwa watawa.

Sasa binti yangu alikuwa amenishika koo kwa mkono wa Safta, bibi yangu wa kale mwenyewe. Mimi, ambaye hata madaktari wakuu hunyamaza nikianza kuongea.

"Sorina, mwanangu." Mama yake Tiberiu, Bi Eugenia, alikuwa ametoka kumtafuta. Mwanamke mpole wa sura, kitambaa cheusi kichwani. "Padri anakusubiri. Huyu mama ni nani?"

Sorina akaniangalia kwa yale macho ya utotoni, siku akivunja kitu na hataki baba yake ajue.

Na mimi siku zote nilikuwa nikisema nimevunja mimi.

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. *Simjui.* Neno moja tu, kisha nipande basi nirudi nyumbani, niwe marehemu wa heshima.

Nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta leso. Nikashika karatasi.

Hii sikuwa nimemsimulia kwenye simu. Nilitaka aisikie tukiwa pamoja.

"Soma," nikamwambia kwa sauti ya chini, nikimpa Bi Eugenia mgongo.

"Siyo sasa..."

"Sasa."

Ilikuwa nakala ya barua ya 1847, mwaka watumwa wa monasteri walipofunguliwa. Ilinca, mke wa fundi viatu, anaomba serikali imwandike kuwa ni binti wa Safta, na imruhusu amchukue mama yake akaishi naye. Chini yake kuna mwandiko mwingine, jibu la monasteri: Safta alifariki kabla ya Krismasi iliyopita.

Sorina alisoma hadi mwisho.

"Ilinca alingoja mpaka kuwe salama," nikamwambia. "Akakuta kaburi."

"Mama, utaniharibia," akaninong'oneza.

"Labda. Lakini Safta alidanganya kwa sababu ya minyororo. Wewe umedanganya kwa sababu ya karamu ya harusi. Kwa hilo sikusaidii."

Nyie mnaosoma, nihukumuni mtakavyo. Moyo wangu ulikuwa vipande. Ila kama una mama hai unayemwonea haya, usingoje siku nzuri ya kumtaja. Siku nzuri ikifika, huenda usimkute.

Nikaingia kanisani. Nilisikia viatu vya Bi Eugenia nyuma yangu. Vya Sorina sikuvisikia.

Nikafika kwenye sinia la wafu, nikaushika ule mshumaa.

"Hapana, mama," Bi Eugenia akasema taratibu. "Huo ni wa marehemu mama yake Sorina."

"Najua. Ndiye mimi."

Nikaung'oa ukiwa bado unawaka, nikauchomeka kwenye mchanga wa walio hai.

Kwenye tundu lililobaki nikamwashia Safta mshumaa wake.