Tusa Anausalimu Mlima

Huyu ni Tusajigwe wa Tukuyu. Nyumbani wanamwita Tusa. Ana miaka sita.

Shangazi yake, Anyisile, ni msafiri. Amefika nchi nyingi, hata vidole vya mikono na miguu havitoshi kuzihesabu.

Kila akifika mahali pa ajabu, Shangazi hufanya jambo moja. Hupiga goti kidogo, kisha husema, "Shikamoo."

"Shangazi, kwa nini unasalimia mawe na maji?"

"Kwani mimi na hayo mawe, mkubwa nani?"

Tusa akafikiri. "Mawe," akasema.

"Basi."

"Na huwa yanaitikia?"

"Huitikia. Maporomoko ya Zambezi yaliniitikia *shaaaa*, nikalowa mpaka soksi. Jangwani, mchanga uliniitikia *vuuuu*. Kaskazini ya mbali, barafu iliniitikia *kwaa*, nikaruka kama panzi."

Tusa akatamani sana kuitikiwa. Hakutamani pipi wala baiskeli. Alitamani kuitikiwa tu.

Likizo ilipofika, Shangazi akampeleka Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro. Walikuwa na siku tatu.

Siku ya kwanza, Tusa alitoka nje mbio, ndizi tele mdomoni.

"Hikamoo, Mlima."

Mlima kimya. Kimya kabisa. Mawingu tu.

"Umenuna," Tusa akasema.

"Nani humsalimia mkubwa huku anatafuna?" Shangazi akauliza.

Tusa akaona haya. Akameza ndizi yake.

Siku ya pili, Tusa alinawa uso. Akapiga goti vizuri.

"Shikamoo, Mlima."

Akahesabu moja, mbili, tatu.

Mlima kimya. Kimya kabisa. Mawingu tu.

"Nimesema shikamoo. Husikii?"

"Tusa," Shangazi akasema taratibu, "mzee haharakishwi."

Jioni Tusa alilia. "Labda mimi ni mdogo mno. Labda Mlima haunioni."

Shangazi akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. Akamkumbatia.

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho. Kesho yake wangepanda basi kurudi nyumbani.

Tusa akakaa kwenye nyasi, kikombe cha chai kando yake.

"Shikamoo, Mlima."

Mlima kimya. Kimya kabisa. Mawingu tu.

Tusa akasubiri. Sisimizi akapanda kidole chake, akashuka. Upepo ukapita, *fuuu, fuuu*.

Chai yake ikapoa. Tusa hakulalamika. Alianza kupenda kukaa pale.

Jua likashuka. Mawingu yakasogea kidogo. Yakasogea tena.

Tusa akatazama mbele. Hakuna mlima. Akainua kichwa. Bado. Akainua shingo mpaka kofia ikaanguka.

Kumbe siku zote alikuwa akitazama chini mno.

Mlima ulikuwa kule juu, juu ya mawingu. Kichwa chake kilikuwa cheupe, na jua la jioni lilikuwa limekipaka rangi ya papai.

Shangazi akaja, akakaa karibu naye. Walikaa hivyo muda mrefu.

"Umekuitikia?" Shangazi akanong'ona.

"Ndiyo."

"Umesemaje?"

"Haukusema kitu," Tusa akanong'ona. "Umenitazama."

Usiku huo Tusa alilala mapema, miguu yake juu ya tumbo la Shangazi. Shangazi hakuiondoa.