Maji ya Mashati ya Bwana

Mtungi ulikuwa mtupu. Mwahija aliujaza mwenyewe asubuhi, na adhuhuri alipouinamisha haukutoa hata tone. Wala ufa haukuwa nao. Ndani ya nyumba ya Bwana Miwani, Mzungu aliyekuwa akimfulia nguo, kibuyu kikalia: gulu, gulu, gulu.

"Umesikia, dada?" akanong'ona Yahya, mpishi.

"Nakisikia tangu juzi. Cha mwanangu."

Likwata, kijana ambaye hata ndevu hajaota, ndiye aliyemchotea mama yake maji ya kufulia mashati ya Mzungu huyo huyo. Vita vya maji vilipowaka Umatumbini, Bwana Miwani akaona mtu mweusi njiani na kibuyu kichwani, akafyatua bunduki toka barazani. "Dawa ya vita," alisema, maana wapiganaji walinywa maji ya dawa wakiamini risasi zitageuka maji. Mtoto aliyempitia mlangoni mwaka mzima! Mweupe wa umri ule angeitwa mtoto; Likwata aliitwa adui. Tusizunguke mbuyu: aliuawa kwa ngozi yake.

Askari wa Bwana wakamfukia nyuma ya ghala la pamba na damu yake, wakalinda, maana amri ya Bwana ilikataza mtu kupeleka maji pale. Mwahija hakutaka kingine duniani ila mwanawe aoshwe, avikwe sanda.

Alasiri ile Yahya alipommiminia Bwana maji mezani, harufu ya udongo mbichi na baruti ikajaa chumba, na nyayo zilizolowa zikaanza kujichora sakafuni, pole pole, kama za mtu aliyeelemewa na mzigo, zikapita mlango, zikapita meza, zikafika kitini pa Bwana zikakoma, naye akaachama kinywa, maji yakamtoka, yakamtoka, mpaka akaanguka.

Askari wakamleta Fakihi, mganga. Akafukiza ubani, akamfunika Bwana shuka, akauliza kama amwulizavyo kila pepo: "Nani wewe? Wataka nini?"

Kinywa cha Mzungu kikajibu kwa Kimatumbi, lugha asiyoijua hata salamu: "Likwata. Mama, maji yamemwagika. Nirudi kisimani?"

Fakihi akamgeukia Mwahija. "Dada, huyu simwezi. Mwambie aende. Bwana akifa watatunyonga sote!"

"Aende wapi na damu ile mwilini? Leteni majembe."

"Amri hairuhusu," askari akasema.

Mkono wa Bwana ukanyooka chini ya shuka, ukaelekea ghalani. "Chimbeni," kikasema kinywa chake.

Wakachimba. Yahya na Fakihi wakamwosha kijana nyuma ya pazia, Mwahija akiwapokeza maji, wakamvika sanda ya bafta, kitambaa cheupe cha Bwana, wakamswalia, wakamzika.

Bwana akazinduka ana kiu. Yahya akamimina, bilauri ikafika mdomoni kavu. Akamimina tena. Kavu. Mtoto alikuwa amelala kaburini mwake. Kibuyu hakikulala: gulu, gulu, gulu, ukutani, kitandani, chini ya kiti.

"Mwahija!" Bwana akalia, ulimi umemvimba. "Maji!"

Mwahija alikuwa akikunja mashati. Hakugeuka.

"Yalikuwa yanakuja, Bwana. Ukayapiga risasi."