Ubeti Mmoja na Wimbo wa Mzee wa Lango

Kila siku baada ya masomo, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia kwenye chumba cha kazi cha shangazi yake, ambaye alikuwa dobi. Alivua sare, akavaa gauni kuukuu, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Kazi yake ilikuwa kubana kwa pini kijitambaa chenye namba kwenye kila nguo iliyoletwa, kisha kuandika daftarini namba hiyo na mwenye nguo. Mikono ilibana pini, kinywa kiliimba. Nyimbo zilimjia kama chafya, bila hodi.

Shuleni walimwita Ubeti Mmoja, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa na nyimbo kumi na saba, na hakuna hata mmoja uliovuka ubeti wa kwanza. Akianza wimbo wa mvua, unamjia wa paka. Akimkimbilia paka, mvua inakatika. Mshika mawili moja humponyoka, na yeye alishika kumi na saba. Muhula uliopita alisimama mbele ya shule nzima kuimba wimbo wa usafi. Aliimba ubeti wa kwanza, kisha akabaki kuangalia dari. Watoto walicheka mpaka walimu wakawanyamazisha.

Sasa Mzee wa Lango, mlinzi wa shule kwa miaka ishirini na minane, alikuwa anastaafu. Mwalimu wa muziki alitaka darasa la sita limwimbie wimbo mpya wa kumuaga Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ubeti Mmoja alinyoosha mkono kabla hajafikiri.

"Tutaimba ubeti mmoja mara sita?" kiranja aliuliza, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Nitakupa nafasi," alimwambia msichana. "Jumatano niuone wimbo mzima. Usipokuwa tayari tutaimba wa zamani, na sitakuomba tena."

Msichana alitoka pale akihesabu siku zilizobaki kwa vidole. Alimpenda sana yule mzee, na alilichukia lile jina kuliko dawa chungu.

Alasiri hiyo aliandika mbiombio nyuma ya daftari la wateja, akamsomea shangazi: "Wewe ni taa, wewe ni nyota, wewe ni mwezi, wewe ni jua."

Shangazi aliweka pasi pembeni. "Huyu ni mlinzi, au ni duka la vifaa vya umeme?"

Msichana alinuna. Shangazi akachukua shati jeupe lisilo na kijitambaa, akaliinua. "Hili la nani?"

"Sijui. Halina namba."

"Basi na maneno yako ni hivyo hivyo. Mwimbie daktari, mwimbie bibi harusi, yatawatosha wote. Kila mstari ubane namba ya mwenyewe."

"Lakini Shangazi, wimbo huja wenyewe."

"Hata nguo huja zenyewe, mwanangu. Ila hazijifui."

Msichana aliufuta mstari wa taa na nyota. Siku iliyofuata alikwenda shuleni na mfuko wa vipande vya karatasi. Wakati wa mapumziko alimuuliza kila aliyemkuta: Mzee wa Lango alikufanyia nini? Mmoja alisema alimfunika kwa mwavuli wake mpaka darasani. Mwingine alisema mzee ana kopo la vifungo alivyookota uwanjani, na sindano yenye uzi tayari. Kila jambo aliliandika kwenye karatasi yake, pamoja na aliyelisema.

Kiranja alimjia wa mwisho, anasuasua. "Mimi huchelewa kila Jumatatu," alisema kwa sauti ya chini. "Huniambia, 'Bado dakika mbili, kimbia mwanangu.' Hata kama kengele imeshalia."

Msichana aliishika karatasi hiyo kwa mikono miwili. Alijua ameshapata kiitikio.

Alasiri, shangazi alipokuwa akitenga nguo nyeupe, za rangi na nzito, naye alitenga karatasi zake sakafuni: anayoyafanya mzee, anayoyasema, na yatakayokosekana akiondoka. Mafungu matatu, beti tatu. Wimbo wa paka ulipobisha hodi, aliuandika kwenye karatasi yake, akauweka kapuni usubiri zamu. Kisha akaanza kufua: aliimba kila mstari kwa sauti, na neno lililozidi akalikamua.

Jumatatu wimbo ulikuwa umetimia, na miguu ikamwasha kuupeleka kwa mwalimu.

"Uanike kwanza," shangazi alisema. "Doa halionekani nguo ikiwa imelowa. Subiri ikauke."

Aliubana wimbo kwenye kamba katikati ya mashuka, akauacha. Kesho yake alipousoma, doa likamtazama machoni. Alikuwa ameandika kwamba mzee hakuwahi kuwakaripia. Uongo mtupu. Alikata mstari huo, akaandika ukweli. Jumatano asubuhi mwalimu aliusoma wote, akaurudia, kisha akasema neno moja tu: "Mazoezini."

Ijumaa, Mzee wa Lango aliketi mbele ya shule nzima, kofia magotini. Darasa la sita likaimba:

*Mvua ikinyesha sana, mwavuli watufunika,*
*Vifungo vikidondoka, kopo lako lavishika.*
*Bado dakika mbili, kimbia mwanangu,*
*Lango li wazi bado, ingia mwanangu.*

Walipofika kwenye mstari wa *tukipanda ukutani, sauti yatutikisa*, uwanja mzima ulicheka, na mzee akacheka kuliko wote. Katika ubeti wa tatu alifuta macho kwa kofia yake. Makofi yalirindima.

Mwalimu alimuuliza msichana nani alimfundisha. Akamnyooshea mkono shangazi yake, aliyekaa nyuma na wazazi. Shangazi alisimama, akajifuta mikono kwa mazoea ingawa ilikuwa mikavu.

"Mimi kuimba sijui. Najua kazi," alisema. "Huyu mtoto kipaji alikuwa nacho siku zote. Lakini kipaji humwanzisha mtu, na utaratibu ndio humfikisha. Kusanya, tenga, fua, anika, kagua. Usiruke hata moja, wanangu, iwe nguo, iwe somo, iwe wimbo."

Mzee wa Lango alinyanyuka, akaitazama saa yake. Watu wakaanza kukusanya mikoba, wakidhani sherehe imekwisha.

"Bado dakika mbili," mzee alisema. "Rudieni."

Wakarudia, shule nzima sasa, na kiranja ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Waliimba beti zote tatu.