Picha za Pemba Zilizokataa Kufunguka

Kila siku Manal aliposhuka kwenye basi la shule pale Ghubra, mjini Maskati, alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda moja kwa moja chumbani kwa bibi yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kula kwanza, halafu uje unisomee simu. Tangu asubuhi inalia, na miwani sijui nimeiweka wapi."

Manal alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na nyumba nzima ilimtegemea kwa mambo ya simu. Bibi Mahfoudha alizaliwa Wete, Pemba, akaja Maskati akiwa msichana. Simu yake ilikuwa ya zamani, kioo chake kimepata ufa pembeni, lakini hakukubali kununuliwa nyingine.

Jumapili ile, Manal alipoishika, aliona kwamba hakuna mtu aliyetuma ujumbe. Ilikuwa simu yenyewe ikilalamika kuwa kadi yake ya kumbukumbu imejaa.

"Itakuwa zile picha za Pemba," alisema Bibi. "Nna picha zaidi ya mia sita humo."

Wiki mbili nyuma Bibi alikuwa ametoka Pemba, alikokwenda kumtembelea dada yake, Bi Khawla. Walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na tisa. Alipiga picha kila kitu: dada yake akikuna nazi, dada yake akicheka, wao wawili wamekaa barazani wameshikana mikono kama watoto.

"Nifanyie nafasi, lakini usinipotezee hata moja," Bibi alimwambia. "Macho ya dada yangu yanakwenda. Picha za kwenye simu hazioni tena, ndogo mno. Nataka zisafishwe kubwa kubwa nimtilie kwenye albamu, azione angali anaona. Jirani yetu Mzee Awadh anasafiri Ijumaa, atamchukulia."

Manal alifurahi, kwa sababu alijua la kufanya. Shuleni rafiki yake alikuwa amemwonyesha kwamba simu mpya huhifadhi picha kwa aina mpya ya faili. Ukiitazama picha huoni tofauti, lakini hula karibu nusu tu ya nafasi. Alichomoa kadi kwenye simu ya Bibi, akaitia kwenye kompyuta ya mama yake, akatafuta programu ya kuzigeuza picha zote ziwe za aina ile mpya.

Mama yake, Rawya, alipita akamwona.

"Unafanya nini na kadi ya Bibi?"

"Nazipunguza picha zake ukubwa, Mama."

"Vizuri. Lakini weka nakala kwanza, kisha ujaribu picha moja uone kama simu ya Bibi inaifungua."

"Haya, Mama," alijibu Manal.

Alikusudia kweli kufanya hivyo. Lakini binamu zake walikuwa wamekwisha fika, wanapiga honi nje, wanakwenda ufukweni. Programu ilimuuliza kama ifute picha za zamani ikimaliza kuzigeuza. Manal akabonyeza ndiyo. Ilipomaliza, aliirudisha kadi kwenye simu bila kutazama, akakimbilia mlangoni.

"Tayari, Bibi! Nusu ya kadi iko wazi sasa."

"Allah akuhifadhi, mwanangu," Bibi alimwombea, naye akaondoka akijiona mkubwa.

Siku ya pili aliporudi shule, alimkuta Bibi ameishika simu karibu kabisa na uso.

"Manal, hebu nitazamie. Mbona simwoni dada yangu?"

Manal aliichukua. Mahali pa picha palikuwa na vijisanduku vya kijivu, safu baada ya safu. Alibonyeza kimoja, simu ikaandika kwamba haiwezi kukifungua. Akabonyeza cha pili, cha kumi, cha hamsini. Vyote vilikuwa hivyo hivyo.

"Labda... labda simu imechoka," alisema.

"Labda," alisema Bibi. "Basi kesho Mama yako atupeleke Azaiba kwa Harub. Mashine yake itazisoma."

Duka la picha la Mzee Harub lilikuwa kwenye barabara kuu ya Azaiba. Mzee huyo alikuwa ameitumia mashine ile ile ya kusafishia picha kwa miaka mingi, na aliifahamu kwa sauti yake tu. Aliitia kadi, akasubiri, akakunja uso. Akaitoa, akaipangusa, akaitia tena.

"Zimeharibika, Bi Mahfoudha," alisema polepole. "Mashine haizitambui."

"Zote?"

"Zote. Kadi hizi zikizeeka hufa ghafla. Lakini mimi naweza kuifuta yote, ikaanza upya. Pengine itakufaa tena."

Bibi alishika buibui lake. "Alhamdulillahi," alisema. "Dada yangu nimemwona kwa macho yangu, na hilo si dogo. Ifute basi, Harub."

Mzee Harub aligeukia mashine, akanyoosha kidole. Manal alikuwa amesimama nyuma ya Bibi. Kama angenyamaza, kadi ingebeba lawama yote, na hakuna ambaye angejua. Mama yake mwenyewe, aliyekwisha sahau habari ya Jumapili, alikuwa anaitikia kwa kichwa. Lakini Manal alimwona Bibi akijifuta jicho kwa ncha ya mtandio, na akashindwa kuvumilia.

"Usifute!" alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye. "Kadi haina kosa. Ni mimi."

Wote walimgeukia. Manal akayasema yote, maneno yakitoka mbiombio: aina mpya ya faili, nakala ambayo hakuiweka, picha moja ambayo hakuijaribu, honi ya binamu zake. "Mama aliniambia nikasema haya, halafu sikufanya. Na jana nilikwambia simu imechoka, Bibi, nami nilijua huenda ni mimi. Nisamehe."

Mama alivuta pumzi aseme neno, lakini Bibi alimwinulia mkono. Kisha akamgeukia mwenye duka.

"Harub, nipe kadi yangu. Twende Ansab kwa Yaqdhan."

Yaqdhan alikuwa mtoto wa mwisho wa Bibi, na kazi yake ilikuwa ya kompyuta. Walimkuta ndiyo kwanza ametoka kazini. Manal alimweleza mjomba wake kila kitu tangu mwanzo, safari hii bila kulia sana. Mjomba aliitia kadi kwenye kompyuta yake. Muda mfupi tu, na uso wa Bi Khawla ukajaa kwenye kioo, anacheka, mkononi ana kifuu cha nazi.

"Ya Rabbi!" Bibi alikaa kitini kwa kishindo.

"Hazikuharibika, Mama," alisema Mjomba Yaqdhan. "Zimeandikwa kwa namna mpya, na simu yako na mashine ya Mzee Harub hazijafunzwa kuisoma. Ni kama barua nzuri iliyofika kwa mtu asiyejua hati yake. Lakini kama angeifuta ile kadi, tungezikosa kabisa."

Bibi alimvuta Manal akambusu kwenye paji la uso. "Umenirudishia dada yangu," alisema.

"Lakini mimi ndiye niliyekupotezea, Bibi!"

"Ndiyo. Na wewe ndiye uliyesema usifute. Yote mawili nimeyaona."

Mjomba alizihifadhi picha zote kwenye kompyuta yake, kisha akatengeneza nakala za aina ya zamani kwa ajili ya mashine ya Mzee Harub. Kwa simu ya Bibi alileta kadi nyingine, kubwa zaidi, akazitia nakala hizo humo. Kazi ya kuchagua picha za albamu alimwachia Manal.

Haikuwa kazi ndogo. Jioni ile ile ya Jumanne, na tena Jumatano, Manal alikaa na Bibi wakazipitia picha mia sita na arubaini, moja moja. Binamu walikuja kumwita, akawaambia ana shughuli. Bibi alimtajia kila mtu na kila mahali: huyu mtoto wa jirani, hiki kisima tulichokuwa tukichotea maji, huu mlango alioutengeneza babu yangu. Manal aliandika yote daftarini. Mpaka Jumatano hakujua kwamba Bibi na dada yake walikuwa wakivaa nguo za kitambaa kimoja kila Idi.

Alhamisi Mzee Harub aliwasafishia picha sitini, kubwa kama daftari la shule. Manal aliandika majina chini ya kila moja kwa kalamu nene, herufi kubwa, ili Bi Khawla aweze kuyasoma. Ijumaa Mzee Awadh akaondoka na albamu.

Jumatatu simu ya Bibi ililia wakati wa chai ya alasiri. Alikuwa Bi Khawla, analia na kucheka pamoja.

"Mahfoudha! Nimeziona! Nimekuona wewe, nimejiona mimi na meno yangu mawili! Nani kaniandikia haya majina makubwa?"

"Mjukuu wako Manal," Bibi alijibu, akampa simu.

"Ahsante, mwanangu," ilisema sauti kutoka Pemba. "Ahsante sana, sana."

Manal alipomrudishia Bibi simu, alikwenda kukaa karibu na mama yake.

"Mama, aina mpya ya picha nisiitumie tena?"

"Kwa nini usiitumie?" alisema Mama, akimmiminia chai. "Ni kitu kizuri, na simu yangu nitakuomba uiweke hivyo hivyo. Kosa lako lilikuwa haraka. Kitu cha mtu ukikitia mkononi, weka nakala, jaribu kidogo kwanza, na umfikirie yule atakayekipokea, kama ataweza kukifungua. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema pale dukani. Ulichelewa siku moja, Manal, lakini hukuchelewa kabisa. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nakushukuru wewe."