Bakuli la Kikosi cha Nyigu

Kama unakula, weka sahani chini kwanza. Usije ukasema sikukuambia.

Maeve, mtoto ambaye hata jino hajaota, alianza kumkataa mama yake asubuhi ya baada ya karamu ya kikosi. Mama huyo, Kapteni Dessa Whitlock, alikuwa rubani wa ndege za kivita katika kambi moja ya jangwani Nevada. Aliinama kumtoa mwanawe kitandani kama kawaida. Mtoto akamnusa mdomo, akakunja uso, kisha akalia kama aliyemwagiwa uji wa moto. Baba yake, Tobin, alipompokea, akanyamaza palepale.

“Umekula nini wewe?” Tobin aliuliza, kiganja puani.

“Nimepiga mswaki mpaka fizi zinauma! Kwani nanuka?”

“Unanuka mafuta ya ndege. Na nyama, Dessa. Nyama iliyoungua pamoja na nywele zake.”

Alichokunywa ni uchafu ambao mimi hata mbwa wa jirani nisingempa. Kikosi cha Nyigu kilikuwa na bakuli lililotengenezwa kwa chuma cha ncha ya mbele ya ndege ya adui, iliyoangushwa Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia. Kila mwaka maafisa, wamevaa sare za sherehe na nishani zinang’aa, walilijaza kwa historia ya vita vyao. Mmoja alimwaga wiski na samaki mkavu, akawataja walioangusha ndege za Wajerumani. Mwingine akamwaga maji ya kabichi iliyochacha kwa ajili ya Korea. Mchuzi wa samaki waliooza ulikuwa wa Vietnam, na hapo walitajwa waliopaa wasirudi. Kisha pilipili na mchanga wa Iraki. Kila rubani akachota kikombe, akanywa, akakipindua juu ya kichwa chake kuonyesha kimekauka, na wenzake wakapiga meza kwa kelele.

Na bakuli halioshwi! Tangu vita vile vya Ulaya halijui sabuni, machicha ya mwaka jana ndiyo chachu ya mwaka huu. Eti kuliosha ni kuwafuta marehemu. Watu wazima, wanaotaka ndege zao zing’ae kama kioo, wanajivunia ukoko. Ptuu!

Kikombe cha mwisho, cha machicha ya chini, hunywewa na rubani aliyerudi vitani na hajawahi kukinywa. Dessa alirudi kutoka Syria, akashika mimba, karamu iliyopita ikampita. Safari hii ilikuwa zamu yake. Alipofika chini kabisa, kitu kigumu kikamgonga meno. Alikitema humohumo bakulini, wenzake wakashangilia.

Wiki ile nyumba haikukalika. Mchana kweupe, Dessa akiwa jikoni amefunga mdomo, Tobin alisikia meno yakisagana kando ya kitanda cha mtoto. Na kila Dessa alipojaribu kumwimbia mwanawe kutoka mlangoni, mate mazito meusi yalimjaa mdomoni, yakamchuruzika kidevuni hadi shingoni, na ule wimbo ukamtoka kwa sauti ya mwanamume anayekoroma, huku mtoto akijikunja ukutani, akilia mpaka sauti ikakauka, asione kimbilio.

“Usimkaribie tena,” Tobin alinong’ona, machozi yanamlengalenga. “Nakuomba, mpenzi. Angalau mpaka tujue ni nini.”

Dessa alikwenda kwa Kanali Pruitt, mzee mstaafu aliyerusha ndege za kikosi hicho Vietnam. Mzee alitokea barazani, akasita.

“Simama hapohapo, Kapteni. Umekunywa ya chini, siyo?”

“Mzee, mwanangu hanitaki. Nifanye nini?”

Pruitt aliangalia barabara, akashusha sauti. “Rubani wa ndege ile iliyotoa bakuli aliruka na parachuti. Mtu wetu akageuza ndege, akammiminia risasi angali ananing’inia. Kisha wakamwendea alikoanguka, wakamng’oa meno ya dhahabu, wakayatupia bakulini. Hakuzikwa. Na kila vita tunamlisha, halafu tunajiuliza mbona haondoki.”

“Ndiyo maana halioshwi?”

“Waliogopa meno yake yataonekana. Sisi tukaambiwa ni heshima, tukameza.” Alitema mate nyasini. “Likazike kama lilivyo, pamoja na ukoko wake, kama unavyozika mtu. Usilimwage, wala usilioshe. Atafuata maji.”

Saa ya chakula cha mchana Dessa alilibeba kutoka ukumbi wa maafisa. Kamanda wa kikosi, Rusk, akamwona.

“We Whitlock! Unampeleka wapi bibi yetu, hilo bakuli?”

“Kumng’arisha nje tu, Kamanda.”

“Haya. Ukimwosha ndani, utarusha tiara ya karatasi, si ndege!” Akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Joto la jangwa lilikuwa kali. Ndani ya gari ule ukoko ulianza kulainika na kutoa mapovu, harufu ikajaa, akatapika dirishani, akaendesha, akatapika tena, na alipofika nyumbani nzi walikuwa wamemtambaa mikononi hadi kwenye midomo, naye hakuwa na nguvu ya kushika sepetu, wala ya kukaa dakika moja zaidi na kile kinyaa, kwa hiyo akalibwaga bakuli kwenye sinki la jikoni, akafungulia maji ya moto, akamimina sabuni, akasugua kwa brashi huku akilia na kutukana. Nywele zilitoka vishungi vishungi. Meno ya dhahabu yakatelemka kwenye tundu, yakagongana bombani. Kisha kimya.

Harufu ikakatika. Dessa alihema kiganjani, hakusikia kitu. Alizika bakuli safi, tupu, nyuma ya nyumba, akajiambia mzee amezidi uoga.

Jioni Tobin alirudi matembezini na mtoto, akamwogesha kwenye sinki lilelile, maana ndilo beseni lake tangu azaliwe. Dessa alikuwa bafuni, anapiga mswaki mara ya mwisho. Alipotoka, alisimama mlangoni, hathubutu kusogea.

Maeve aligeuka. Akanyoosha mikono yote miwili.

“Anakutaka!” Tobin alisema. “Njoo, njoo mchukue!”

Dessa alimkumbatia mtoto angali amelowa maji ya kuoga, akalia kwa furaha. Mtoto alimnusa mdomo taratibu, akatulia, akaridhika.

“Dessa,” Tobin alinong’ona. “Mbona kama ameota jino?”

Maeve akacheka, kinywa wazi. Lilikuwa moja tu, chini, kubwa kama la mtu mzima, na lilikuwa la dhahabu.