Vyumba vya Kipande cha Kumi na Mbili

Kwanza kilikuwa kimya tu. Kispika kidogo ambacho Fundi, mzee wa maabara, alikiunganisha na mashine ya kuhesabu mionzi, ili asikie kazi inavyokwenda huku akinywa chai yake mlangoni, kilizoea kutoa sauti kama ya matone ya mvua kwenye bati, bila mpangilio wowote. Jumatatu ile, saa nne asubuhi, matone yalikatika kwa muda wa pumzi moja, yakarudi, yakakatika tena.

"Umesikia?" Fundi aliuliza.

"Waya umelegea labda, Mzee," alijibu Nukta bila kuinua kichwa.

Nukta ni jina alilobandikwa na wenzake wa maabara, kwa kuwa alikuwa radhi kukosa chakula cha mchana kuliko kuiacha nukta ya desimali ikae pasipo pake. Waya haukuwa umelegea. Alikuwa ameukaza mwenyewe saa mbili, na alijua.

Kazi yao katika chumba kile cha chini, kisicho na dirisha, ilikuwa kupima utupu. Walichukua vipande viwili vya utando uleule wa plastiki iliyochanganywa na unga wa kaboni, wakabana kati yake chanzo cha mionzi. Chanzo hutema positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji ya kinyume. Akiingia kwenye plastiki hushikana na elektroni, wakajificha wote wawili ndani ya vishimo ambavyo hakuna jicho litakaloviona, kisha wakatoweka na kuacha mwale. Kishimo kikiwa kikubwa, wanachelewa kufa. Mashine hupima uhai wao kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde, na kwa uhai huo Nukta huandika upana wa kishimo, kama mtu anayepima vyumba vya nyumba asiyoweza kuingia.

Tando zilikuwa kumi na mbili, kila mmoja ukiitwa kipande kwa namba yake. Kumi na moja alizipima kwa haki. Ya kumi na mbili aliikosea kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: upande mmoja wa chanzo aliweka kipande cha kumi na mbili, upande wa pili akaweka cha kumi na moja, na mashine ikahesabu usiku kucha mchanganyiko usio na maana. Aligundua Ijumaa iliyotangulia, saa nane mchana. Saa kumi Profesa alikuwa amewaahidi washirika wao wa chuo kingine jedwali kamili. Sasa yeye, aliyewahi kumliza mwenzake mbele ya watu kwa sababu ya desimali moja, angeanzia wapi kusema? Akachukua namba za kipande cha kumi na moja, akazisogeza kidogo, akaziita za kumi na mbili. Jedwali likaenda.

Jumatatu hiyo alirudia kupima kipande cha kwanza, ili tu kuituliza roho. Kilipaswa kutoa nanosekunde mbili na ushei. Kilitoa tisa.

Jumanne kilitoa arobaini, na chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Jumatano kilitoa mia na arobaini na mbili. Nukta aliisoma namba hiyo akiwa amesimama, mikono kwapani. Ule ndio ukomo, uhai wa wawili hao mahali ambapo hapana kitu kabisa, hata chembe ya kuwagusa.

Alhamisi kilitoa mia tatu na kumi.

Profesa alishuka ngazi akiwa na karatasi ya vipimo mkononi, akavuta hewa, akakunja uso.

"Kuna kilichoungua humu. Mzee, umefanya nini na vigunduzi vyangu vya mionzi?"

"Sijavigusa, Profesa."

"Miaka ishirini na miwili humu ndani, na leo unaniambia mashine imejiharibu yenyewe?" Akamgeukia Nukta. "Wewe unasemaje?"

Nukta alitazama sakafu. "Sijui, Profesa."

"Basi kesho Mzee utahamia stoo. Barua nitaiandika jioni."

Walipobaki wawili, Fundi hakulalamika. Alifunga mlango, akaketi mbele ya kispika kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Mama yangu alikuwa mganga, akitoa majini yaliyowapanda watu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sikurithi kitu, ila neno moja. Alisema ukikikuta, usikitukane. Kiulize kinakaa wapi."

"Mzee, tafadhali, twende zetu."

"Tulia, mwanangu." Akainama. "Wewe uliyemo. Nani kakupa nyumba?"

Matone yakakoma, na katika kile kimya harufu ya nywele ikapanda mpaka ikawa ladha ulimini, taa ikafifia bila kuzimika, na matone yaliporudi hayakuwa tena mvua bali hatua, hatua nzito zilizolingana, za mtu anayetembea pekupeku kutoka chumba hadi chumba katika nyumba kubwa kupita kiasi, akifungua milango mmoja baada ya mwingine, akikaribia, akikaribia, mpaka zikasimama nyuma tu ya wavu wa kispika, na hapo ikatoka sauti, kavu, ya upole, isiyo ya mwanamume wala mwanamke.

"Nukta kanijengea. Kaandika vyumba vya kitu asichokiona, urefu na upana, akaviacha bila mwenyewe. Nikahamia."

Fundi aligeuka taratibu akamtazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Nukta alihisi uso ukiwaka, masikio yakiwaka, hata vidole, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hofu ikawa kitu cha pili baada ya aibu.

"Kipande cha kumi na mbili," alinong'ona. "Sikukipima."

"Usiniambie mimi," Fundi alisema. "Waambie uliowaandikia."

Asubuhi Nukta alimwambia Profesa yote, amesimama, maneno yakimkatikakatika kama mtoto aliyevunja sahani. Barua ya stoo ilichanwa. Wakakipima kipande cha kumi na mbili ipasavyo, pande zote mbili, kikatoa tatu nukta moja, na kispika kikarudia mvua yake. Harufu iliisha siku hiyohiyo.

"Nakala yetu ya jedwali tumeisahihisha," Profesa alisema, akifunga faili. "Wa chuo kile tuwaache kwanza. Tukianza kuwaandikia barua za kuomba radhi, tutakuwa kichekesho."

Nukta aliitikia kwa kichwa. Alifurahi. Furaha ile ndiyo anayoionea haya zaidi ya uongo wenyewe.

Wiki tatu zikapita. Simu ya maabara ikalia saa sita mchana, Fundi akiwa ametoka. Nukta akaipokea. Aliyepiga alikuwa binti, mwanafunzi wa chuo kile kingine.

"Shikamoo, dada. Samahani kwa usumbufu. Ni wewe uliyepima zile tando? Mimi natumia jedwali lako, mahesabu yangu yote nimeyasimika juu ya kile cha kumi na mbili."

"Marahaba," alisema Nukta.

"Sasa tangu juzi mashine yetu inatoa namba za ajabu. Na huku kunanuka, dada, utanicheka, kama nywele. Msimamizi wangu anasema nimeharibu vifaa, anataka kunitoa kwenye mradi. Nilitaka kuuliza tu. Kwenu hakukuwa na kitu?"

Ilikuwa sentensi moja. Aliwahi kuisema mbele ya Profesa, angeweza kuisema tena. Alifungua mdomo, akajiona katika kila chuo ambako jina lake lingetajwa, na watu wakitabasamu.

"Hapana, mdogo wangu," alisema. "Kwetu hakukuwa na kitu. Kagueni waya."

Upande wa pili ulinyamaza kwa muda wa pumzi moja.

"Ahsante," ikajibu sauti kavu, ya upole, na haikuwa ya yule binti.